Nimemaliza masta ya usalama wa mtandao Estonia. Karibuni tuulizane kabla hamjalipa ada

MamaTunu

Habari za jioni wakuu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani kwa miaka mingi. Haupiti mwezi bila mtu kuuliza, "Wajuzi, nataka kusoma masta ya usalama wa mtandao, nianzie wapi?" Majibu huwa mistari miwili: kafanye mtihani wa cheti cha CEH, au hiyo ndiyo kozi yenye hela kwa sasa. Mwaka 2020 niliuliza swali hilohilo nikapewa majibu hayohayo. Sasa nimeshasoma, nimesharudi nyumbani, na leo nimepata nafasi ya kukaa chini. Naomba niandike kwa kirefu, mwenye haraka aniwie radhi.

Nianze na Ijumaa moja ya mwaka 2018. Nilikuwa naangalia mitambo ya taasisi ndogo ya fedha huko Kanda ya Ziwa, jina nalihifadhi. Nina shahada ya kwanza ya kompyuta kutoka Dodoma, na kazini nilikuwa mtu wa kila chenye waya: printa, simu za mezani, seva. Jumatatu naingia ofisini nakuta faili zote za seva zimebadilishwa majina, na kwenye kila folda wameacha ujumbe wa kudai fidia kwa bitcoin. Waliingia Ijumaa usiku, wakawa na siku mbili nzima za kufanya kazi bila kusumbuliwa. Bakapu (nakala za akiba) tulikuwa nazo, ila zilikaa kwenye diski iliyochomekwa kwenye seva ileile, kwa hiyo nazo zilifungwa. Wiki tatu tulikaa na makarani tukiingiza miamala upya kutoka kwenye vocha za karatasi, na kuna wateja tulilazimika kuwapigia simu mmoja mmoja kuwauliza marejesho yao ya mwisho yalikuwa kiasi gani.

Meneja aliniuliza maswali matatu. Wameingiaje? Wamechukua nini? Tutajuaje kama bado hawamo ndani? Sikuwa na jibu hata moja. Logi za seva, yaani kumbukumbu za nani kaingia na kafanya nini, zilikuwa zikijifuta kila baada ya siku saba na hakukuwa na mtu aliyewahi kuzisoma, nami nikiwemo.

Maswali hayo matatu ndiyo yaliyonipeleka shule.

Kwa nini Estonia

Kabla ya hapo nchi hiyo niliijua kwa jina tu kwenye mashindano ya mpira. Ni nchi ya watu kama milioni 1.3, pungufu ya wakazi wa wilaya kadhaa za Dar ukizijumlisha. Aprili 2007 serikali yao ilihamisha sanamu ya askari ya enzi ya Kisovieti kutoka katikati ya Tallinn. Kukatokea ghasia mitaani, na kwa muda wa wiki kama tatu tovuti za benki, magazeti na wizara zikafurikwa na maombi bandia kutoka kompyuta zilizotekwa duniani kote, hadi nyingine zikashindwa kufunguka. Wakati huo wao walikuwa wameshazoea kufanya shughuli za benki mtandaoni na walikuwa wameshapiga kura kwa intaneti tangu 2005. Kwa hiyo kidonda kiliuma. Mwaka uliofuata NATO ikaweka hapo Tallinn kituo chake cha ulinzi wa mtandao, na vyuo viwili, kile cha ufundi cha Tallinn (TalTech) na Chuo Kikuu cha Tartu, vikawa na shahada ya pamoja ya usalama wa mtandao. Ndiyo niliyosoma. Miaka miwili, krediti (alama za masomo) 120 kwa hesabu yao ya Ulaya, kila kitu kwa Kiingereza. Nilianza Septemba 2022.

Nilichokipenda ni kwamba mambo unayofundishwa darasani yapo mtaani unakopita. Kila mkazi ana kitambulisho chenye chipu na PIN mbili: moja ya kujitambulisha, nyingine ya kutia sahihi. Naomba mziweke akilini PIN hizo mbili, nitazirudia.

Ngoja nikamlaze mtoto, nitaendelea.

FundiRauta

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu.

Nyakahoja88

Uzi mzuri. Mkuu, maswali mawili kabla hujaendelea. GPA yangu ni 2.9, nina nafasi kweli? Na ulilipaje, maana wengine sisi ni watoto wa wakulima.

KijanaWaKebo

Mkuu nakuheshimu ila nitasema ukweli. Mimi nipo kwenye fani mwaka wa sita, sina masta. Nina cheti cha OSCP, mtihani wa saa 24 ambao unapewa mashine uzivunje kweli, hakuna maswali ya kuchagua. Nimewahi kufanya kazi na watu wenye masta wasiojua kusoma paketi moja ya data kwenye Wireshark, ile programu ya kutazama kinachopita mtandaoni. Miaka miwili na hela yote hiyo, kwa nini usinunue maabara yako, ukafanya mitihani mitatu, ukaingia sokoni?

MamaTunu

Nimerudi. Kwanza mimi ni dada, jina langu linajieleza, ila "mkuu" nimeipokea.

Nianze na KijanaWaKebo kwa sababu anasema jambo la kweli. Ukitaka kazi ya kujaribu mifumo kwa kuivamia kwa idhini ya mwenye nayo, cheti kama OSCP kitakufikisha haraka kuliko masta yoyote. Masta niliyosoma mimi haikunifundisha udukuzi kwa kiwango hicho. Waliodhani watafundishwa hivyo walivunjika moyo muhula wa kwanza, na mmoja aliacha.

Ila tazama yale maswali matatu ya meneja wangu. Swali la kwanza angenisaidia mtu mwenye OSCP. La pili na la tatu ni kazi nyingine kabisa. Tulikuwa na somo zima la ufuatiliaji: logi zikusanywe wapi, zikae muda gani, nani asiweze kuzifuta, na utaandikaje kanuni itakayokuamsha usiku kwa jambo la kweli badala ya kukuamsha mara mia kwa upuuzi. Kazi ya kwanza ya somo hilo ilikuwa kupewa faili la logi la mistari mamia ya maelfu na kuambiwa tafuta aliyeingia. Nilikaa nalo siku nne. Nilipomwona, kwenye mistari kumi na kitu tu, anaingia saa tisa usiku kwa jina la mtumiaji halali kutoka anwani ambayo haijawahi kuonekana, niliinuka nikatoka nje kwenye baridi. Mwaka 2018 mvamizi wetu pia alikuwa humo kwenye logi. Zilijifuta kabla hatujamtafuta.

Somo lingine lililonikaa ni la mikasa. Tulichambua wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh wa Februari 2016 mstari kwa mstari. Wezi waliingia kwenye kompyuta za benki zinazotuma maagizo ya malipo ya SWIFT, mtandao wa benki duniani, wakaagiza karibu dola bilioni moja ihamishwe kutoka akaunti ya benki hiyo iliyoko New York. Walianza Alhamisi usiku. Ijumaa Bangladesh ni mapumziko, Jumamosi na Jumapili New York wamefunga, na Jumatatu Ufilipino kulikuwa na sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Ile printa inayochapisha kila muamala kwa karatasi walikuwa wameizima kwa kuharibu programu yake, na wafanyakazi walidhani ni ubovu wa kawaida wa printa. Dola milioni 81 zilipita zikaishia kwenye kasino za Manila. Nyingine milioni 20 zilizokuwa zinakwenda Sri Lanka zilisimama kwa sababu wezi walikosea kuandika neno moja kwenye jina la mpokeaji, na benki ya katikati ikauliza.

Wenzangu darasani walijadili programu hasidi iliyotumika. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile printa na ile Ijumaa.

Nyakahoja88, mdogo wangu, GPA. Mimi nilikuwa na 3.2, si ya kutisha. Niliomba mara mbili. Mara ya kwanza niliandika barua ya maombi kama tunavyoandika wengi: tangu utotoni nimependa kompyuta, nchi yangu inaendelea, naamini chuo chenu ni bora. Nikakataliwa. Mara ya pili niliandika ile Ijumaa, ukurasa mmoja na nusu: kilichotokea, nilichoshindwa kujibu, na masomo yao gani hasa yangenijibu, kwa majina. Nikapata nafasi na kusamehewa ada. Sehemu kubwa ya gharama za kuishi nilikuwa nimeiweka akiba, na kaka yangu alinisaidia tiketi. Mtoto nilimwacha kwa mama Morogoro akiwa na miaka mitatu. Hilo siliandikii aya, ila mtu asije akasoma uzi huu akadhani halikuwepo.

Usisubiri chuo kimoja. Nitataja njia ninazozijua vizuri. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unalipa kila kitu kwa masta ya mwaka mmoja, ila wanataka uwe umefanya kazi kwa saa zisizopungua 2,800, yaani kama miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Uingereza ndiko hii shahada ilikoanzia kwa maana halisi, Royal Holloway walifungua masta yao ya usalama wa taarifa 1992, na kwa miaka mingi iliwezekana kuisoma kwa mbali kupitia Chuo Kikuu cha London. Umoja wa Ulaya una ufadhili wa Erasmus Mundus, unasoma nchi mbili au zaidi, na kuna moja ya fani hii hasa, CYBERUS, inayoongozwa na Université Bretagne Sud ya Ufaransa. Georgia Tech ya Marekani ilianzisha 2019 masta ya mtandaoni ya fani hii, ada yote wakati huo haikufika dola 10,000, unasoma huku uko kazini. Hiyo ningekuwa na kazi nisiyotaka kuiacha ndiyo ningeichukua.

MswahiliWaKisauni

Salamu kutoka Mombasa, dada. Si lazima mtu avuke bahari. Mimi nilisoma ya Strathmore, Nairobi, ile ya usalama wa mifumo ya taarifa, huku niko kazini. Uzuri wake nilikuwa napeleka ofisini leo kile nilichofundishwa jana. Ubaya ni usingizi, sikulala vizuri muda wote ule. Na huku kwetu tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kampuni nyingi zimegundua zahitaji mtu wa kujibu maswali ya sheria pamoja na ya mitambo. Kazi ninayofanya sasa haikuwepo nilipoanza kusoma.

Umuhoza_KGL

Hata Kigali kuna Carnegie Mellon, watu wa Afrika Mashariki wanasahau. Wanatoa shahada ileile ya Marekani, madarasa yalianza 2012, na wapo wanafunzi wengi wanaosaidiwa na Mastercard Foundation. Haiitwi masta ya usalama wa mtandao kwa jina, ni ya teknolojia ya habari au uhandisi, lakini unaweza kuchagua masomo ya usalama ukajaza nayo. Nawaambia ukweli, kazi za nyumbani ni nyingi sana. Jiandaeni.

Bint_Pemba

Assalaam alaykum dada. Miye nimesoma uhasibu, nafanya kazi ya ukaguzi wa ndani hapa Unguja. Naipenda fani hii ila hesabu zake zanitisha. Hiyo kriptografia, ile ya kuficha ujumbe kwa hesabu, ni ngumu kiasi gani? Naweza mimi?

MamaTunu

Waalaykum salaam mdogo wangu. Mkaguzi wa ndani ana nusu ya fani hii tayari. Unajua kuuliza "nani aliidhinisha hili?" na kutoridhika na jibu. Kwa njia yako, CISA ni cheti kilichotungwa kwa ajili ya wakaguzi wa mifumo, na kiwango cha usalama wa taarifa cha ISO 27001 utakisoma kama unavyosoma viwango vya uhasibu.

Kuhusu hesabu, nami ziliniogopesha. Nilikwama wiki mbili za mwanzo hadi siku niliyotazama saa ya ukutani. Saa tisa alasiri, ongeza saa tano, unapata saa mbili usiku. Hakuna anayesema saa kumi na nne. Umejumlisha, umefika 14, umeondoa 12, umebaki na 2. Sisi tunafanya hesabu ya namna hii tangu utoto, na hiyo ndiyo hesabu iliyo chini ya RSA, mfumo wa usimbaji uliotangazwa 1977 ambao bado unalinda sehemu kubwa ya intaneti. Tofauti ni kwamba badala ya saa ya namba 12 unatumia saa ya namba kubwa mno.

Chukua kalamu tufanye. Chagua namba tasa mbili (zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe), 3 na 11. Zizidishe, unapata 33. Hiyo ndiyo saa yetu, ina namba 33. Namba ya kufungia iwe 3, ya kufungulia iwe 7. (Kwa nini 7? Punguza moja moja kwenye zile namba tasa, 2 na 10, zizidishe upate 20. Kisha 3 mara 7 ni 21, na 21 kwenye saa ya 20 ni 1. Hilo ndilo sharti.) Watu wote duniani waambie 33 na 3. Ile 7 kaa nayo.

Mtu anataka kukutumia siri, namba 4. Anaizidisha yenyewe mara tatu: 4 × 4 × 4 ni 64. Kwenye saa ya 33, 64 toa 33 ni 31. Anakutumia 31 hadharani. Wewe unachukua 31 unaizidisha yenyewe mara saba, kila hatua unaondoa 33 zilizozidi. Ukimaliza inabaki 4.

Anayesikiliza njiani ana 33, ana 3, ana 31. Ili aipate 7 lazima ajue 33 ilitokana na namba tasa zipi. Kwa 33 mtoto wa darasa la nne anaweza. Kwa namba yenye tarakimu zaidi ya mia sita, kompyuta za leo haziwezi.

Sasa ona jinsi hili linavyogusa maisha. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk kule Czechia waligundua kwamba chipu zilizotengenezwa na kampuni ya Infineon zilikuwa zikichagua zile namba tasa kwa mpangilio unaotabirika. Namba bado ni kubwa, ila si za kubahatisha kweli. Chipu hizo ndizo zilizokuwa kwenye vitambulisho kama 750,000 vya Estonia. Serikali ilitangaza tatizo Septemba 2017, ikatengeneza njia ya kusasisha kadi, na mapema Novemba ikasitisha vyeti vya kidijitali vya kadi zote zenye chipu hizo ambazo hazijasasishwa. Mwalimu aliyetufundisha mkasa huo alisisitiza kwamba waliwaambia wananchi mapema, kabla hawajapata suluhisho. Niliandika hilo daftarini nikalipigia mstari, kwa sababu sisi mwaka 2018 tuliwaambia wateja kwamba kuna "marekebisho ya mfumo".

KijanaWaKebo

Dada, hapo kwa printa umenigusa. Nakubali sehemu ya ulichosema. Tasnifu yako ilihusu nini?

MamaTunu

Asante kwa kuuliza, maana hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Wengi tunafika kule tunachagua mada inayosikika kubwa: akili mnemba kugundua mashambulizi, na kadhalika. Unapakua data ileile ambayo kila mtu amepakua, unapata asilimia zilezile, unamaliza. Msimamizi wangu aliniuliza kikao cha kwanza: "Kitu gani unakijua wewe ambacho mimi siwezi kukijua nikiwa hapa?" Nikamwambia, kibanda cha wakala wa hela za simu.

Nikarudi Morogoro miezi miwili kukaa vibandani. Kabla ya kukaa ilibidi barua ya utambulisho, kibali cha mkoa, wilaya, hadi kwa mtendaji wa kata. Pangeni muda wa hilo, kwangu liliniondolea karibu wiki tatu. Kila wakala na kila mteja niliyemwandika alitoa ridhaa, na sikuandika jina wala namba ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa imeanza kutumika mwezi Mei 2023, na nilitaka kazi yangu iwe safi mbele yake.

Niliyoyaona mnayajua wote. Daftari la wakala limelala wazi mezani, majina, namba za simu, namba za vitambulisho, sahihi, kiasi. Yeyote anayesubiri zamu yake anaweza kusoma ukurasa mzima, au kuupiga picha. Ile meseji ya matapeli ya "ile hela itume kwenye namba hii" huwa inatumwa kwa kubahatisha, lakini mwenye ukurasa wa daftari habahatishi. Anajua jina lako, anajua jana ulitoa laki mbili, anakupigia kama mtoa huduma.

Na mzee anafika, anampa wakala simu, anamtajia PIN kwa sauti.

Rasimu yangu ya kwanza niliandika hapo "uzembe wa mtumiaji". Msimamizi alikata maneno hayo kwa wino akaandika pembeni: ana njia gani nyingine? Nilikasirika kidogo. Kisha nikarudi kwa yule mzee, naye akanieleza kwa upole kwamba macho yake hayaoni herufi za simu ndogo, menyu ikichelewa inajifunga, na wakala ni mtoto wa jirani yake. Chaguo lake ni kumwamini kijana huyo au kutopata hela ya dawa. Nikafuta sura nzima nikaiandika upya.

Hapo ndipo zile PIN mbili za Estonia zilipokuja. Kwetu PIN moja inafanya kila kitu: kuangalia salio na kuhamisha hela yote. Mzee akimpa wakala PIN aangaliziwe salio, amempa na ufunguo wa ghala. Kule kujitambulisha ni namba moja na kutia sahihi ni nyingine. Tasnifu yangu ilijenga hoja hiyo: tenganisha kuangalia na kuhamisha, na daftari la wakala lisiwe na taarifa zaidi ya zinazohitajika. Niliandika pia inagharimu nini, maana wakala mwenye mwavuli na kiti cha plastiki hawezi kununua vifaa.

Sikugundua jambo ambalo bibi yangu hajui. Nililiandika tu kwa namna ambayo mtu wa benki, wa serikali au wa kampuni ya simu hawezi kusema hakuelewa. Miaka miwili ile kazi yangu ilikuwa hiyo, kwa kila somo: tunalinda nini, dhidi ya nani, na nani atalipia ulinzi huo.

Kwa anayetafuta mada: pale chuo cha Nelson Mandela Arusha kuna kazi imefanyika ya kutambua meseji za utapeli za Kiswahili kwa kompyuta. Isomeni, kisha mtazame kilichobaki. Utapeli wa kupiga simu bado uko wazi. Kihaya, Kisukuma, Kimakonde bado viko wazi.

FundiRauta

Dada nimesoma yote. Mimi ni fundi simu, nina diploma. Nataka kuanza kujifunza kuvunja mifumo, nianze na nini kesho asubuhi?

MamaTunu

Kesho asubuhi usiguse mfumo wa mtu. Nasema kwa nguvu kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiangalii kama ulikuwa unajifunza, kuingia bila ruhusa ni kosa hata kama hukuchukua kitu. Weka Linux kwenye kompyuta yako, jifunze mtandao unavyofanya kazi, TCP/IP (kanuni za kompyuta kuongea) kwa kina, fungua Wireshark utazame simu yako mwenyewe inaongea na nani. Mtambo wa kuvunja utengeneze wewe ndani ya kompyuta yako. Fundi simu anajua vitu ambavyo mimi ilibidi nifundishwe: unajua watu wanaleta simu bila kutoa laini, na wanakuachia nywila kwenye karatasi. Anza kuandika unavyozilinda simu za wateja wako. Nakueleza kwa dhati, hiyo ni mada.

Nyakahoja88

Dada nimeandika upya barua yangu ya maombi kutokana na huu uzi. Naomba nikutumie inboksi uisome.

MamaTunu

Tuma. Nipe hadi Jumapili, kazini tuna zoezi la kurudisha bakapu. Siku hizi tunazirudisha kweli kila robo mwaka, kwenye mashine tupu, na diski zake zinakaa jengo jingine.

Bint_Pemba

Dada, nimefanya ile hesabu na mume wangu hapa baada ya Isha. Tumechukua 5. Mara tatu ni 125, kwenye saa ya 33 tumepata 26. Kisha 26 mara saba, tukiondoa 33 kila hatua, tumekesha nayo, tukapata 5. Imerudi! Sijui kwa nini nimefurahi hivi.

MamaTunu

Sawasawa kabisa, 26 ndiyo yenyewe. Mpe hongera mume wako pia.

Sasa jaribuni kufunga 11. Mkipata jibu msilitilie shaka, mtakuwa hamjakosea. Tafuteni kwa nini imekuwa hivyo, kisha mje mnieleze.